Tabitha Mbinya Kivuva, Aliyechora Nyuso za Drifti ya Kwa Kalelo

Leo tunamrudisha Tabitha Mbinya kwenye udongo uliomlea. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 katika milima ya Mbooni, mwendo mfupi kutoka soko la Kikima, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kiilu Mbuvi na marehemu Mama Kaluki. Wazazi wake walikuwa wakulima na watu wa kanisa.

Alisoma shule ya msingi huko Kikima, akaendelea hadi chuo cha ualimu, na kuanzia Januari 1963 akafundisha Kitui. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba ubao ulikuwa na picha nyingi kuliko maandishi. Mwaka 1967 alituma mchoro wa mnada wa mbuzi kwa gazeti moja la Nairobi, nao ukachapishwa. Muhula uliofuata aliacha kazi. Baba yake aliuliza neno moja tu: "Mwalimu anaacha mshahara wa serikali akachore mbuzi?"

Aliolewa na Josiah Kivuva, fundi wa magari wa Mtito Andei, tarehe 6 Desemba 1969. Mazungumzo ya mahari karibu yavunjike. Wazee walikuwa wamekaa tangu asubuhi, kila upande umekaza shingo, naye Mbinya akileta uji huku akiwachora kwa siri. Mjomba wake Mutiso akaiona karatasi, akamnyang'anya. "Huyu mwenye mdomo kama mlango wa ghala ni mimi?" akauliza. "Ni wewe, mjomba." Mzee Mutiso alicheka mpaka akakohoa, karatasi ikazunguka mkono kwa mkono, na kabla jua halijatua mambo yakawa yamekwisha.

Hakuajiriwa na gazeti lolote maisha yake yote. Alikwenda penye tukio, akachora papo hapo, kisha akafunga michoro katikati ya vipande viwili vya kadibodi na kumpa kondakta wa basi la Nairobi. Ikichapishwa, analipwa, isipochapishwa, basi. Alichora kesi mahakamani ambamo kamera hazikuruhusiwa, mabaraza ya chifu, na foleni za chakula cha msaada miaka ya njaa.

Kuna siku moja ambayo familia haiwezi kuiruka. Ni Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1977. Mbinya na mumewe walikuwa wakirudi nyumbani na lori la kuvuta magari yaliyoharibika, wakafika kwenye drifti ya Kwa Kalelo, pale barabara inapokatiza mto bila daraja. Asubuhi mto ulikuwa mchanga mtupu. Sasa maji ya milimani yalikuwa yameshuka kwa ghafla, na basi lililotoka sokoni limekwama katikati, abiria wamepanda juu ya paa.

Kivuva alifunga kamba kwenye lori, na wanaume wakaanza kuirusha. Wanawake walikuwa wamepiga magoti wakilia na kuomba. Mbinya akatoa penseli.

Mzee Ndolo, ambaye mwanawe alikuwa juu ya lile paa, alimwona akamwendea kwa hasira. "Wewe mama! Watu wanakufa na wewe unaandika picha?"

Baadaye Mbinya alimwambia mumewe kwamba alitamani kuacha; aliikandamiza penseli hata ncha ikavunjika, akaichonga kwa meno. Lakini kule juu ya paa kulikuwa na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Mwanamke huyo alimwona akichora. Akamshusha mtoto, akamgeuza uso kumwelekea Mbinya, akamshika hivyo. Basi Mbinya akaendelea kuchora.

Kamba iliwafikia wachache, wakavutwa hadi ukingoni. Kisha basi likalala ubavu, maji yakafunika kila kitu.

Yalipopungua, miili ilipatikana kwenye mchanga kuelekea chini. Barabara ilikuwa imekatika pande zote mbili, mochari iko mbali, na jua linawaka. Koplo wa polisi na naibu wa chifu wakaamua wasiojulikana wazikwe hapo hapo, palipoinuka.

"Na wenyewe, jamaa zao, watajuaje ni nani amelala wapi?" Mbinya akauliza.

"Mama, kamera hatuna," koplo akasema. "Wewe una nini?"

"Nina karatasi."

Kivuva aliwaosha matope usoni kwa maji ya mtungi, mmoja baada ya mwingine, naye mkewe akawachora. Kila karatasi ilipewa alama sawa na ya kigingi cha kaburi lake. Akamchora pia yule mwanamke wa juu ya paa na mtoto wake.

Mzee Ndolo, aliyekuwa ameshuka na mto akimtafuta mwanawe upande mwingine, alirudi akiwa amechoka. Akauliza kama kulikuwa na kijana wa sweta ya kijani. "Keti kwanza, baba," Mbinya akamwambia, kisha akampa karatasi. Mzee aliitazama. "Pua ni ya mama yake," akasema. "Nionyeshe mahali."

Mhariri wa lile gazeti la Nairobi aliposikia, alipiga simu kwenye ofisi ya kituo cha petroli Mtito Andei. Alitaka nyuso zote, ukurasa wa kwanza.

"Hizi si za gazeti," Mbinya akasema. "Ni za wenyewe."

"Usipotuma, usinitumie kitu kingine tena."

Alimtumia mchoro wa wanaume wakivuta kamba. Ulirudishwa. Kwa zaidi ya mwaka gazeti hilo halikuchukua kazi yake, na nyumbani mambo yakawa magumu. Jioni moja Kivuva alimwuliza mbele ya watoto, "Tutakula hizo nyuso?" Kivuva mwenyewe ameomba neno hilo lisomwe hapa, na lisomwe pia kwamba ni yeye aliyetengeneza sanduku la bati la kuhifadhia michoro hiyo isiliwe na mchwa.

Watu walikuja kutoka Makueni, Kitui, hata Mwingi. Mmoja mmoja walichukua watu wao. Mchoro wa mwanamke na mtoto ulibaki sandukuni mpaka mwaka 1981, alipokuja mtu wa Kitui aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Mkewe alikuwa amepanda basi kumfuata, asifike. Aliambiwa ametoroka na mwanamume mwingine, akaamini, akawa anamtukana kila alipotajwa. Aliposhika karatasi alipiga magoti sakafuni akasema, "Kumbe ulikuwa unakuja." Mbinya alitoka nje akamwachia nyumba.

Miaka iliyofuata alichora vitabu vya shule na jarida la kanisa, na magazeti mengine yakamtafuta. Mwaka 1993 aligunduliwa kuwa na kisukari. Kidonda cha mguu kilikataa kupona, na kufikia mwisho wa 1995 macho yake yalikuwa yamezima. Hilo lilimuuma kuliko mguu. Alilazwa hospitalini Mei 1996. Binti yake Muthoki alikaa naye, na kila mgonjwa mpya alipoletwa, mama aliuliza: "Paji lake ni pana ama jembamba? Macho yameingia ndani?" Huku Muthoki akijibu, kidole cha mama kilitembea juu ya shuka. Ijumaa tarehe 14 Juni, jioni, Muthoki alikuwa akimweleza uso wa muuguzi aliyeingia zamu. Alipofika kwenye kidevu, kidole kilikuwa kimesimama.

Ameacha mumewe, Josiah Kivuva; watoto wake Muthoki, Kiilu na Kasyoka; wajukuu watano; na dada yake Esther, anayewasomea maneno haya.

Mungu ampokee Mbinya wetu, naye apumzike katika amani yake.