Kovu la Bi Taratibu

Ndugu waombolezaji, tuliofika ni wachache, kwa hiyo sina haja ya kupaza sauti, na mimi mpwa wake ndiye niliyebaki wa kumsemea.

Shangazi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kitinda mimba wa seremala na mkunga, akasoma shule za karibu na nyumbani, kisha chuo cha maabara, na mwaka 1984 akaajiriwa katika hospitali ambayo hakuihama hadi alipostaafu. Mwaka 1988 aliolewa na fundi saa, hawakujaliwa mtoto, wakaachana, na kuhusu bwana yule alisema tu kwamba saa zenyewe zilimshinda, sembuse mke.

Tangu 2006 kazi yake ilikuwa kupokea damu ya mgonjwa anayepasuliwa, kuizungusha kwenye mashine hadi ijitenge, kuchukua ile sehemu ya manjano inayosaidia kidonda kufunga, na kuipitisha dirishani ili daktari aiweke kwenye kidonda cha mgonjwa yuleyule, na muuguzi aliyethubutu kutikisa kichupa aliambiwa haraka haraka haina baraka, ndipo wakamwita Bi Taratibu. Lakini habari zilimwishia pale dirishani, maana wagonjwa walipona wakaenda zao, na hakuwahi kuona hata kidonda kimoja kilichofunga, jambo lililomuuma kuliko ukimya wa nyumba yake.

Mwaka 2019 alianguka bafuni, akavunjika mguu, akapasuliwa, kidonda kikagoma kupona, wenzake wakamtoa damu yake mwenyewe wakaizungusha, naye kitandani anawatumia salamu wasikimbize mashine. Kilifunga vizuri. Hapo ndipo alipoiona kazi yake kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa hakuwa na mtu ndani, kila aliyebisha hodi, hata msoma mita wa maji, alipandishiwa pindo la gauni aone kovu.

Alifariki tarehe 6 Mei 2022, nyumbani, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa peke yake, na hilo linatuumiza sana.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa maabara, na jirani yake muuza mkaa aliyeona pazia halijafunguliwa akavunja mlango. Na kama kati yenu, au huko nje getini, yupo mwenye kovu lililopitia mikononi mwa shangazi, tafadhali asogee mbele kabla jeneza halijafungwa, amwonyeshe, wala asiharakishe, tutamsubiri.

Pumzika kwa amani, shangazi, taratibu.