Tundu la Ukutani Si Kazi ya Panya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Msimamizi wa Makanisa ya Mashambani. Wazee wa kanisa. Mwalimu Lazarus Amolo, ambaye leo umeketi nyuma kabisa. Na majirani wote:

MAKARIBISHO

Sisi akina mama wa kanisa la Kambi ya Chini tunakukaribisha. Barabara ya kutoka Litein tunaijua ilivyo mvua ikinyesha. Tumeona matope magotini pako, tukajua gari limesukumwa na wewe mwenyewe umesukuma. Kwa hilo tu umeshapata heshima yetu.

Tutakuwa wafupi. Tumesimama tangu kengele ya shamba ilipolia, na majani ya msimu huu hayamhurumii mtu mgongo. Chakula kipo, kuku amechinjwa. Lakini kwanza utusikilize.

TULIKOTOKA

Tulikuja hapa miaka minane iliyopita, wengine kutoka Kisii, wengine kutoka ziwani, wakati chai ilikuwa miche ya kufika kifundoni. Kanisa hili tulilijenga wenyewe kwa fito na udongo. Mwaka wa nzige, Misheni ikatuletea Mwalimu Lazarus. Ni mtu wa ziwani, mrefu, mwenye koti moja. Siku za kazi huchuma chai mistarini kama sisi, na Jumapili huhubiri.

Vijana wetu walikuwa na maswali mengi. Lakini kwetu tuliotoka Kisii, mtoto hamkabili mtu wa rika la baba yake akamuuliza mambo mazito. Ni aibu kwa wote wawili. Mwalimu angeweza kusema, "Hayo ni ya kwenu, mimi si Mkisii." Hakusema. Alitoboa tundu ukutani, upande wa kushoto, akaweka kigoda ndani. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, yeye hukaa ndani na vijana hukaa nje, migongo yao ukutani. Hawaonani. Wanauliza, anajibu.

Sisi wazazi hukaa mbali. Si mbali kama tunavyojifanya.

TULIYOYAPATA

Tumesikia mengi. Siku moja kijana aliuliza, "Mwalimu, ni dhambi kuvaa suruali iliyopigwa pasi ikawa na mstari kama wembe?"

"Mstari hauna dhambi. Pasi ni ya nani?"

"Ya mpishi wa bwana mwenye shamba."

"Anajua umeichukua?"

Wenzake wakaanza kucheka.

"Basi, ndugu yangu, suruali umeisingizia bure."

Mwingine akauliza kama mtu anayeimba ndani ya santuri ya karani ana roho. Mwalimu akasema anayo, lakini haimo sandukuni. Mwenyewe yuko kwao anakula. Msichana akauliza kama Mungu anasikia Kikisii au ni Kiingereza tu. Mwalimu akamwambia, "Kikisii chenu hata mimi kimenishinda, lakini kwake Mungu hakuna mgeni." Vijana walioanza kukimbilia pombe wakarudi. Hayo ndiyo tuliyoyapata. Hatuna kengele wala dirisha la kioo.

YANAYOTUCHOSHA

Yapo mengi, tutasema moja.

Mwaka jana homa ilipita kambini. Nyumba ya Nyang'au iliondokewa na mtoto wa kiume, Osoro, miaka mitatu. Mama yake alifunga na kuomba siku tatu. Nyumba ya pili hawajui hata kukunja mikono kusali, na mtoto wao aliugua homa hiyo hiyo akapona. Dada yake Osoro, Elmina, mwenye miaka kumi na minne, aliacha kusema. Alichuma chai, alibeba kapu, alipima, alirudi. Neno hakutoa. Alikula kama ndege. Mama yake alianza kuogopa kwamba atazika wa pili.

Mwezi wa tatu wa ukimya wake, Jumapili, sauti ilitoka nje ya tundu. Hatukuijua mara moja, kwa vile tulikuwa tumeisahau.

"Mwalimu. Mama aliomba. Jirani hakuomba. Mtoto wa jirani anacheza pale. Kwa nini?"

Mwalimu Lazarus alikuwa amechoka siku hiyo. Juma zima alikuwa amechuma mvuani, na mikono yake ilikuwa imepasuka. Angeweza kutafuta mstari wa Biblia, mistari anayo mingi. Aliegemeza kichwa ukutani, akasema, "Sijui, mwanangu."

"Hujui?"

"Nimezika wawili. Nilimuuliza Mungu hilo hilo kabla hujazaliwa. Bado naja hapa kumuuliza."

"Na akinyamaza?"

"Nakaa naye. Kunyamaza si kuondoka."

Msichana alilia hapo nje mpaka wenzake wakamfunika kwa leso. Jioni ile aliomba ugali, akamaliza, akaomba mwingine. Jumapili iliyofuata alirudi na swali jingine.

Sasa Mzee Kebaso, mzee wetu wa kanisa, alikuwa ndani akipigilia benchi msumari, akasikia. Si mtu mbaya. Ndiye aliyetuombea kiwanja hiki kwa bwana. Lakini alikuandikia barua, na alitusomea kabla ya kuituma, kwa hiyo hatumsengenyi. Iliandikwa kwamba mwalimu anayewaambia watoto "sijui" ni mchungaji anayepotea pamoja na kondoo. Nasi tumemwona kijana uliyekuja naye garini. Tunaambiwa amehitimu vizuri na ana kitabu chenye maswali mia mbili na majibu yake yote. Tumemsalimu. Swali la Elmina halimo, tumemwomba atutazamie.

Kosa letu pia tulitaje. Juma lililopita tulipaka ukuta udongo mpya na samadi kwa ajili yako, na katika kupaka tukaliziba tundu. Hakuna aliyefikiri, tulitaka tu mgeni aone pazuri. Jumapili vijana walikuja wakapapasa ukuta, wakaondoka bila neno. Jumatatu tundu lilikuwa limerudi, limekatwa kwa kisu cha kupogolea chai. Mzee Kebaso alitaka kutundika kitambaa cheupe hapo ili usilione. Tulikataa. Lione, Mheshimiwa. Si kazi ya panya.

TUNAYOOMBA

Hatuombi mabati. Hatuombi kengele. Tunaomba jambo moja, nalo halina gharama.

Vijana wako nje sasa hivi, migongo ukutani. Kigoda kiko pale pale. Kabla hujala, na kabla hujaamua habari ya Mwalimu Lazarus, nenda ukakae. Elmina atakuuliza swali lake. Mama yake hatakuja karibu, maana ndiye anayekusomea risala hii, na swali hilo hana nguvu ya kulisikia mara ya pili.

Kama jibu unalo, litoe kwa sauti. Tutalipokea kwa mikono miwili, na Mwalimu Lazarus atachukua koti lake aende kwao ziwani, nasi tutamsindikiza. Kama huna, basi tuachie huyu asiye nalo. Tumemzoea, naye ametuzoea.

Mungu akukaushie barabara ya kurudi, akupe nguvu za kusukuma gari linapokwama, na asikunyamazie siku utakayomwita.

Ni sisi,
Akina Mama wa Kanisa, Kambi ya Chini, Kericho, Juni 1934.

Imesomwa na Marcella Nyamoita, mke wa Nyang'au, mama yake Elmina na Osoro.