Kaka Germano Anaondoka, Safari Hii Kweli

Bwana Germano Semedo, msimamizi wa tanuri, amekitumikia kiwanda chetu cha biskuti kwa miaka thelathini na sita. Alistaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Leo ni tarehe 19 Desemba, bado yupo Dakar, na kila asubuhi anapita kiwandani kuwasalimia watu waliokwisha kumuaga.

Huu ni wasifu wa tatu kumwandikia. Wa kwanza ulipigwa chapa kwa ajili ya sherehe ya Oktoba, na sherehe ikaahirishwa. Wa pili ulikuwa wa mwisho wa Novemba, na nakala zake sasa zinafungiwa karanga pale getini. Ulikuwa mzuri kuliko huu. Anayeutaka anunue karanga. Mkurugenzi ameniomba safari hii niandike kwa ufupi. Nitajitahidi.

Kaka Germano alizaliwa katika kisiwa cha Maio, kule Kaboverde, ambako kwa maneno yake jua halina likizo na mbuzi ni wengi kuliko watu. Alikuja Dakar kijana, kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa kupiga lipu, kwa nia ya kukaa msimu mmoja. Akapata kazi hapa ya kubeba magunia ya unga. Baadaye akawa msaidizi wa tanuri, na mwishowe tanuri likawa lake. Wengi wetu hatujui biskuti za kiwanda hiki zina ladha gani bila yeye.

Alikuwa akiimba akifanya kazi. Nyimbo zake zote zilikuwa za kuagana: mtu anapanda meli, mtu anabaki gatini, mama analia. Sisi wa idara ya ufungashaji tulimwambia mara nyingi kwamba biskuti zinatoka na huzuni. Alicheka, akaanza wimbo mwingine wa meli.

Kila Ijumaa Kuu alituletea sisi Waislamu ndoo ya uji wa mtama, karanga na ubuyu, kama ilivyo desturi ya Wakristo wa mji huu, kisha wiki nzima alidai ndoo yake. Mwezi wa Ramadhani alikwenda kunywa maji nyuma ya tangi la dizeli, ingawa hakuna aliyemwambia ajifiche. Mwaka ule wa mafuriko, maji yalipoingia ghala la unga, yeye na mume wangu Ousseynou, fundi wa boila, walipandisha magunia juu, moto wa tanuri haukuzimika, na watu waliokimbia maji wakalala mashuleni walikula biskuti zetu za moto. Hiyo ndiyo kazi yake, na tunamshukuru.

Sasa nifike kwenye linalotuchosha.

Tangu mwaka wake wa kwanza hapa, Kaka Germano amekuwa akisema: "Kabla mwaka huu haujaisha, nitakuwa Maio." Wafanyakazi wapya walimwamini. Kuna kundi lililowahi kumnunulia sanduku zuri la safari. Akalitia trei za kuokea. Hakununua kabati, kwa sababu angeliachia nani? Chumba chake hakikupakwa rangi. Hata mke hakuoa. Anasema haikuwa haki kumposa binti wa watu na yeye yuko mbioni kuondoka. Miaka thelathini na sita yuko mbioni.

Mwaka huu, hata hivyo, mambo hayakuwa ya mchezo. Dada yake mkubwa, Etelvina, ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi wao kule Maio, akifuga mbuzi na kutengeneza jibini. Macho yake yamepungua nguvu. Watoto wake walioko Uholanzi wanakuja kumchukua, na siku chache baada ya Mwaka Mpya anaondoka nao. Alimpigia kaka yake simu mwezi wa Agosti, akamwambia wazi kwamba ufunguo wa nyumba atamkabidhi mkononi kabla mwaka haujaisha. Asipotokea, ufunguo anapewa binamu yao Toninho. Na Toninho ameshakuja na futi kupima uwanja. Anataka kuibomoa ajenge vyumba vya watalii.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu: kustaafu, kupanda ndege, kufika.

Lakini Jumapili moja kabla ya kustaafu, Kaka Germano alisimama kanisani mbele ya Wakaboverde wenzake wote, akataja tarehe ya safari yake, akaomba dua. Mkaboverde mwenye akili hafanyi hivyo. Wenzake huondoka kimyakimya kama wadaiwa, kwa sababu anayekwenda visiwani hakatai kifurushi cha mtu. Ndiyo desturi yao. Dua ilipokwisha, foleni ilikuwa imefika hadi barabarani.

Kwanza kilikuja cherehani, cha chuma, cha miguu. Ndege ya mwanzo wa Novemba ikamwacha, kwa kuwa cherehani hakikuruhusiwa na yeye hakukubali kukiacha. Akaamua kusafiri kwa meli ya mizigo. Watu waliposikia ni meli, wakaleta na vile walivyokuwa wakiona haya kuvileta: godoro, geti la chuma, magunia ya nguo, sanamu ya Mtakatifu Antoni yenye pua iliyomeguka, inayopelekwa kwenye kanisa dogo la kijiji fulani. Nahodha akasema meli itaondoka mwisho wa Novemba. Akasema tena anasubiri saruji. Kisha ikawa tarehe 12 Desemba. Kisha, wiki iliyopita: "Baada ya Mwaka Mpya, Mungu akipenda."

Tulimwambia Kaka Germano apande ndege aende. Akatujibu: "Na mizigo ya watu?" Tukamkumbusha nyumba. "Najua. Lakini mizigo ya watu?"

Naomba hapa niseme jambo moja, halafu niendelee.

Ousseynou alikuwa akijenga nyumba ndogo kwao, Fatick, ya sisi kuhamia atakapostaafu. Ilikuwa imebaki mlango. Kila mwaka alisema mvua zikikatika atakwenda kuutia, na kila mwaka boila lilikuwa na shida yake. Mwezi wa Mei tulimrudisha kwao kumzika, na wageni wa msiba wakawa wanaingia na kutoka katika nyumba isiyo na mlango, na mbuzi vilevile. Siku ya tatu niliamka nikasikia nyundo. Alikuwa Kaka Germano. Alikuwa amekuja juu ya lori la unga, mlango umefungwa kamba pembeni yake. Aliutia, akaufungua na kuufunga mara kadhaa asikie kama unalia, akaomba maji ya kunywa, akarudi kazini. Hakunitolea hotuba.

Mtu wa namna hiyo ukimwona analinda sanamu ya Mtakatifu Antoni huku nyumba yake inapimwa futi, unapandwa na hasira ambazo hazina pa kwenda.

Basi Jumatatu hii baada ya zamu, mimi na dereva wetu Abdou Sy tulikwenda chumbani kwake. Mimi ni Mserer, Abdou ni Mtukulori, makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, na njia nzima aliniita mtumwa wake. Tulipofika hapakuwa na pa kukanyaga. Mtakatifu Antoni alikuwa amelazwa kitandani, amefunikwa shuka. Mwenye chumba alikuwa ameketi juu ya cherehani.

"Mzee," Abdou akasema, "wewe unalala wapi?"

"Pale," akaonyesha geti la chuma lililotandikwa gunia.

"Na huyu analala kitandani?"

"Atavunjika, mwanangu. Pua tu imetosha."

"Dada Yacine," Abdou akanigeukia, "huyu tumpeleke Maio au hospitali?"

Simu ikalia. Alikuwa Etelvina. Kaka yake huwa anaweka simu kwenye kipaza sauti, kwa kuwa miaka ya mashine za kiwanda imemla masikio, nasi Kikrioli cha kwao tunakielewa. Nani amefanya kazi karibu na tanuri lile asikielewe?

"Germano, uko wapi?"

"Niko njiani, dada."

"Njia gani? Nasikia kuku wa Dakar."

"Meli itakuwa baada ya Mwaka Mpya. Mzungumzishe Toninho, mwambie asubiri kidogo."

"Toninho hana shida ya kusubiri. Jana alikuja na fundi. Wamekubaliana choo kikae pale mama alipokuwa akianika mahindi. Mimi nafungasha, Germano. Wanangu wamenunua koti. Linanielemea mabegani. Nikifika huko sirudi, unalijua hilo?"

Kaka Germano alikuwa anakigeuza kigurudumu cha cherehani, mbele na nyuma.

Wakati huohuo mlango ukasukumwa, akaingia Mama Bia, muuza nguo wa sokoni, Mkaboverde mwenzao, na sufuria la kupikia harusi kichwani. "Kompadre, ndugu yangu! Nimesikia meli imesogezwa, nikasema afadhali, nimepata nafasi. Hili ni la mdogo wangu. Si zito."

"Nani huyo?" Etelvina akauliza.

"Ni mimi, Bia! Nakuletea sufuria, dada yangu! Nawe utapikia kabla hujalipeleka kwa mwenyewe!"

"Bia," sauti ya simu ikasema polepole, "sufuria ninalo. Kaka sina."

Mama Bia alilitua sufuria. Alitazama chumba chote: magunia, godoro, kitanda. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyaona yote kwa pamoja. Kila mtu alikuwa ameleta chake kimoja.

"Ndege iko lini?" akauliza.

"Jumapili ipo," Abdou akadakia. Alikuwa ameshauliza, bila kuagizwa na mtu.

"Itakuwa hiyo. Hivi vyote vinakuja kwangu, nitavipakia mimi meli ikija. Mimi niko sokoni kila siku, nahodha hawezi kunikwepa."

"Na wenyewe?" Kaka Germano akasema. "Niliwaahidi mimi. Nani atawaambia?"

"Nitawaambia umekufa."

"Usiwaambie hivyo, watatuma na mizigo ya matanga."

Tukacheka, hata Etelvina kule Maio. Yeye Germano hakucheka. Nikamwona anakiacha kile kigurudumu, anasimama, na kusema kwenye simu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika kelele zote za tanuri: "Dada, nakuja Jumapili. Sibebi kitu cha mtu."

"Nitaamini nikikuona," Etelvina akasema, akakata.

Alasiri hiyohiyo tulipakia lori. Mama Bia alikaa nyuma kumshika Mtakatifu Antoni asigongwe, na njiani aliwasalimia watu kwa niaba yake. Abdou alimpeleka mzee kukata tiketi, akasimama mlangoni mwa ofisi mpaka ilipotoka. Jumapili atafika Praia, mji mkuu wa kwao, na Jumanne kuna boti ya kwenda Maio. Ufunguo atapokea kabla ya Krismasi, na dada yake atakaa naye siku zilizobaki, wakila jibini na kugombana, kabla hajavaa koti lile.

Kwa ajili ya sherehe ya leo, walinzi wa getini wameombwa wasimruhusu mtu yeyote kuingia na kifurushi. Barua pia hapana. Hata zawadi ya wafanyakazi ni shati, na atalivaa papa hapa mbele yetu ili isiwe mzigo. Anayetaka kumpa kitu amkumbatie.

Mkurugenzi atazungumza baada ya chakula. Wali wa samaki upo wa kutosha. Aliyeshika tanuri baada yake, Pape Dieng, anaomba niandike kwamba anashukuru kwa mafunzo yote, pamoja na yale ya kila asubuhi tangu Novemba, na kwamba sasa ameelewa.

Kaka Germano, umetulisha, umetuimbia, umetutilia milango. Umevibeba vya watu vya kutosha. Asante kwa miaka yote uliyosema unaondoka ukawa hapa. Msalimie Dada Etelvina, umwambie tunakukabidhi kwake mzima.

Tunakutakia maisha mema, na tunakuomba uyaanze Jumapili.

Yacine Sarr
Idara ya Ufungashaji