Matone Mawili na Kopo la Ugoro

Nikichunga ng'ombe kule Magwagwa, ruba aliingia puani mwa fahali wetu. Damu ikatoka siku tatu. Baba akamwaga maji ya tumbaku kwa ile pua, ruba akaanguka. Tangu hapo nikaamini tumbaku ni dawa ya pua. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Ndugu zangu wa Sabato, msinitolee macho. Nimenusa ugoro miaka arobaini, na wengine wenu tulinusa pamoja nyuma ya choo cha kanisa hili. Simtaji mtu.

Nimonia ilinilaza mara mbili. Mara ya pili nilipumua kama mtu amekaliwa kifuani na gunia la majani chai. Basi walipokuja watu wa utafiti wakitafuta wazee wa kujaribu chanjo ya puani, nikaenda. Nyinyi mkasema wananyonya damu. Mkanipita njiani bila salamu, nanyi ndio mnaoimba hapa!

Hakuna sindano. Tone moja kila tundu. Nesi akanieleza, "Baba, bakteria huingilia puani. Tunataka kinga isimame hapo mlangoni. Kama itaweza hatujui, ndiyo maana tunajaribu. Unanusa ugoro?"

"Mimi? Mzee wa kanisa?"

Nje ya geti la kliniki rafiki yangu alikuwa ananingoja na kopo letu la ugoro. "Omogaka, mzee wangu, toa hiyo sumu yao." Nikanusa. Chafya saba, matone yote kwa nyasi.

Niliporudi kupimwa, nesi aliingiza pamba puani. Ikatoka ya kahawia. Nawaambia, afadhali angenitukana. Alisema tu, "Baba, tungeandika chanjo imeshindwa, kumbe ni ugoro wako. Watu wangekosa kinga kwa sababu ya uongo wako."

Nikalia, mzee mzima. Nikakiri yote. Wakanitoa kwa utafiti, na ilikuwa haki yao. Kifua changu kimebaki bila hayo matone.

Lakini ugoro niliacha. Asante kwa nesi, ambaye hakunifukuza kliniki. Asante kwa mke wangu, alivumilia matusi yangu miezi ile ya kuacha. Nyinyi wengine siwashukuru. Ila mjue hivi: ukiogopa kitu, kataa mbele ya watu. Usikubali ndani ukapige chafya nje.

Na yule rafiki? Nilimrudishia kopo. Akalifungua, akalinusa, akanitazama.

"Sasa umekuwa mmoja wao."

Akashuka katikati ya majani chai. Kwangu hajarudi tena.