Herufi Iliyomezwa na Besi

Mhadhiri hakugundua kwamba wimbo masikioni mwake ulikuwa umekwisha, hadi aliposikia mabishano kwenye kiti cha mbele cha basi.

"Hivi vina besi nzito, mama. Kifua kinatetemeka," muuza visikilizio alisema.

"Kifua changu kiache, mwanangu," alijibu mchapaji wa mahakama. "Besi ndiyo iliyonimezea herufi. Shahidi alisema 'hangeiba', mimi nikachapa 'angeiba'. Kesho hukumu inasomwa, na leo nairudia rekodi yote."

"Basi chukua hivi vyepesi, sauti ya mtu hutoka safi. Ila muziki umepooza."

"Sitafuti muziki. Natafuta h."

Basi liliposimama mbele ya mahakama, mama alivilipia vile vyepesi, akashuka navyo mbiombio.

Tangu siku hiyo mhadhiri hupunguza besi anaposikiliza mahojiano ya utafiti wake. Tayari amesahihisha kurasa mbili alizokuwa amezichapa vibaya.