Kisima Kichimbwe Bondeni

Sikilizeni wanangu, Yusto na Bertha, wala msinikatize, maana nyie masikio mnayo ila hamyapi kazi. Mimi mama yenu Zita nakwenda. Shamba la ulezi mgawane nusu kwa nusu, na atakayeleta ugomvi si mwanangu. Hilo limekwisha.

Kesho mkutano wa kijiji unaamua kisima kichimbwe wapi: huku barabarani, ambako bomba linatoa maji siku moja moja, au bondeni, ambako wanachota kwenye dimbwi lililommeza Jane, mwanao wewe, Bertha. Huku tuko wengi, na kila mtu anakitaka kidogo tu, asisumbuke. Kule ni wachache, wanakitaka kama mgonjwa anavyotaka pumzi. Lakini mkono ni mkono, hakuna anayeupima uzito. Walishindwa, wakashindwa tena, wakaacha kuja mikutanoni, na diwani akasema bondeni hawana malalamiko. Kweli, aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Mnasema ni homa. Haya. Lakini ukungu ukishuka mchana, Jane huja pale dirishani nywele zikichuruzika maji, ananiamkia, shikamoo bibi, namwitikia marahaba. Juzi hakuja peke yake. Nyuma yake walipanga mstari watoto wengine, wamelowa vilevile, na mmoja nilimtambua: binti wa Sayi, yule mfugaji wa bondeni. Jana huyo binti kaniletea maziwa, mzima, anacheka. Niliogopa, wanangu, na bado naogopa.

Sasa shikeni hili. Nikifa, mwenyekiti atataka kuahirisha, kwa kuwa kwetu hapa maiti ikiwa haijazikwa hakuna ashikaye jembe wala aitishaye kikao. Mkatalieni, maana wakiahirisha, mradi unakwenda kijiji kingine. Nibebeni na jeneza langu hadi uwanjani, mniweke mbele ya watu, na anayetaka kisima barabarani anyooshe mkono akiwa ananitazama. Nanyi mnyooshe wa bondeni, hata majirani wakiwanunia mwaka mzima.

Bertha, acha kulia, niinue kidogo. Mungu awape mvua kwa wakati wake, awape watoto watakaowazika... Maji. Hapana, yaache.

Yusto, shuka bondeni sasa hivi. Ukiwaita mkutanoni hawatakuja. Msibani watakuja wote, hao hawajawahi kuacha kuzika mtu. Waambie mama amekufa... Nenda, baba, usinitazame hivyo. Hadi ufike kule, utakuwa umesema kweli.