Mwoka Mikate Aliyelaliwa Usingizi

Ndugu waombolezaji, anayesimama mbele yenu kwa niaba ya familia ni mdogo wa marehemu, na anayesimuliwa ni kaka yake, ambaye wenzake kazini walimwita Jogoo, kwa kuwa alirudi nyumbani watu wakiamka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu mshonaji, akiwa mtoto wa kwanza, akasoma shule ya msingi mwaka 1978 hadi 1984, kisha chuo cha ufundi, na tarehe 2 Mei 1990 akaajiriwa katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, kwenye tanuri namba mbili. Alifunga ndoa tarehe 19 Septemba 1998 na karani wa posta, wakajaliwa mabinti wawili, mwaka 2000 na 2003, waliojifunza kunyata kabla ya kukimbia, maana baba amelala, ingawa kweli alikuwa macho, akihesabu misumari ya dari.

Juni 2014 wataalamu wa afya waliwavisha wafanyakazi kifaa cha mkononi, mfano wa saa, kilichopima mapigo ya moyo, joto la ngozi na mwendo kwa siku kumi na nne, ili ijulikane saa ya mwili wa kila mmoja inakwendaje, na kwa kuwa ilivuma kwamba ambaye mwili wake unaukataa usiku ataachishwa kazi, kila asubuhi marehemu alikivua akamvisha mdogo wake, ambaye wakati huo hakuwa na kazi ila usingizi, na jioni alikivaa tena, akiuliza kwa utani leo amelalaje. Majibu yalipotoka, walioshindwa kulala walihamishiwa mchana, naye aliyeonekana kulala fofofo akabakizwa usiku moja kwa moja.

Alitaka kusema kweli, lakini mwaka 2015 mdogo wake aliajiriwa kiwandani humo kwa dhamana yake, zamu ya mchana, na kusema kungewafukuzisha wote wawili, hivyo mdogo akamwomba, "Kaka, vumilia kidogo." Kidogo hicho kilifika miaka saba.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2022, akalazwa mara tatu, na kila daktari alipotaka kujua habari za usingizi, faili la kiwanda lilijibu kwamba analala vizuri, naye akaliacha liseme hivyo. Alifariki tarehe 9 Januari 2024, saa kumi alasiri.

Shemeji, na ninyi mabinti, mnayasikia haya leo kwa mara ya kwanza, baba yenu mdogo anawaomba msamaha, na barua ya kuyaeleza yote ameshaifikisha kwa meneja asubuhi hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopunguza sauti za redio mchana miaka yote hiyo, na wafanyakazi wa tanuri namba mbili.

Pumzika kwa amani, kaka, usingizi huu umeulala mwenyewe.